Riba 3.5% imebandikwa ukutani, mbona marejesho hayalingani?

MkulimaUyole: Wakuu, kikundi cha viazi hapa Uyole, Mbeya, kinatafuta mkopo wa mbolea, 1,000,000 kwa kila mwanachama, miezi 6. Wakopeshaji wawili wa Mwanjelwa wamebandika leseni na "riba 3.5% kwa mwezi". Mmoja anataka rejesho la 201,667 kila mwezi, mwingine 187,668. Kama sheria inawabana waweke masharti wazi, tofauti inatoka wapi?

Mhasibu_Mafinga: Wote wamesema kweli, ndipo ulipo mtego. Wa kwanza anatoza 3.5% juu ya milioni nzima hadi mwezi wa mwisho, hata ukishalipa nusu: riba 210,000. Wa pili anatoza juu ya salio lililobaki: riba kama 126,000. Ukiigeuza ile ya kwanza kwa hesabu ya salio, inakaribia 5.7% kwa mwezi. Akikata na ada ya 5% juu kwa juu, ukapokea 950,000, inafika karibu 7.4%. Msitazame asilimia ya ukutani. Ulizeni mambo matatu: naondoka na shilingi ngapi mkononi, rejesho ni kiasi gani, na ni marejesho mangapi.

Sheria_Gangilonga: Naongezea. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, hao ni daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana, wako chini ya Benki Kuu (BoT). SACCOS ni daraja la tatu (Tume ya Ushirika), vikundi kama VICOBA la nne (halmashauri). BoT imeweka ukomo wa 3.5% kwa mwezi, ila ukomo peke yake unakwepwa kwa ada na kwa namna ya kukokotoa. Uwazi nao, kila mtu akijitangazia kwa kipimo chake, haumsaidii mteja kulinganisha. Marekani waliliona hilo mwaka 1968: sheria yao ya mikopo ikalazimisha gharama, pamoja na ada nyingi, zigeuzwe kuwa asilimia moja ya mwaka kwa kanuni moja. Hapo ndipo soko linaweza kumwadhibu aliye ghali bila serikali kupanga bei ya kila mkopo.

Tukuyu_Mdau: Nadharia nzuri, mkuu, lakini anayehitaji mbolea ya kupandia wiki hii halinganishi chochote, anakimbilia kausha damu, ile mikopo ya haraka yenye riba ya kuumiza. Novemba 2024 BoT ilitaja hadharani programu 69 za mikopo ya simu zisizo na leseni. Kutaja majina ni silaha, ila programu hubadilisha jina kesho yake, na orodha haimfikii asiyeitafuta.

Sheria_Gangilonga: Kweli kabisa, ndugu. Uwazi unambana mwenye leseni ya kupoteza. Matapeli wanahitaji polisi. Ndiyo maana leseni ya ukutani ihakikiwe kwenye orodha ya tovuti ya BoT, jina lile lile, herufi kwa herufi.

Mhasibu_Mafinga: MkulimaUyole, kuna jambo hamjaligusa: tarehe ya rejesho la kwanza. Viazi huchukua siku 90 hadi 120, na hapa rejesho linaanza siku ya 30. Marejesho matatu ya mwanzo mtayatoa wapi? Ombeni jedwali la marejesho kabla ya kusaini, lenye tarehe, faini ya kuchelewa na kinachotokea ukimaliza mapema. Mkikataliwa jedwali, ondokeni. Mkishasaini na wakakiuka, andikeni malalamiko kwa mkopeshaji kwanza, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri, kisha myapeleke tawi la BoT hapo Mbeya.