Mkamwana wangu hali nyama, maziwa wala mayai, na kitabu chake cha mapishi kinanishinda

Mwalimu wa Kimu (Kibosho)

Habari za jioni wapendwa. Nimestaafu baada ya kufundisha Sayansi Kimu miaka 31, kwa hiyo mnisamehe nikiandika kama naandaa somo.

Mke wa mwanangu wa pili hali chochote kitokacho kwa mnyama. Si nyama tu: hata maziwa, mayai, samli, mpaka asali. Ni binti wa Mwanza na samaki hali, jambo ambalo mama yake mzazi mwenyewe hajalizoea. Siku ya harusi alitulisha ndafu vizuri kabisa, sisi wakwe na mume wake, ila zamu yake ilipofika akafungua kinywa akawekewa kipande cha tango. Ukumbi ukanyamaza, halafu MC akaokoa jahazi.

Desemba wanakuja siku tisa. Aliyewahi kupanda huku Uchagani Desemba anajua: asubuhi supu, mchana mbuzi, jioni mnaitwa kwa shemeji kumalizia mbuzi wa huko. Pasaka alipokuja alikaa siku nne kwa wali na parachichi, na kila akimaliza anashukuru kana kwamba kala pilau. Iliniuma. Nikamwomba kitabu chake cha mapishi ya vegan, akaniachia. Ni cha Marekani, kwa Kiingereza, na amekunja pembe za kurasa anazozipenda. Nimezihesabu, ni kumi na mbili.

Tafadhali msiniambie "mpikie kiburu", zile ndizi zetu na maharage. Kiburu nimekipika tangu sijajua kusoma, na atakila, bila ile samli ninayomalizia. Lakini mtu akikunja pembe ya ukurasa kuna kitu amekuambia. Nataka kupika zile kumi na mbili.

(Kwa wanaodhani ni mambo ya vijana wa mtandaoni: neno vegan lilianza Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipojitenga na wale wasiokula nyama lakini wakaendelea na maziwa na mayai. Watson alikuwa mwalimu wa useremala. Mwalimu mwenzangu, basi nimempa nafasi.)

Hadi sasa nimejaribu tatu na zote zimenikatalia.

Ya kwanza, mchuzi wa dengu na nyanya. Kitabu kinataka kopo moja la wakia 15, yaani kama gramu 425. Kopo sina, nikateremka soko la Mbuyuni, Moshi, nikanunua dengu kavu, nikapima gramu 425 kwa mizani, nikaloweka usiku. Asubuhi zimefura mpaka zimesukuma kifuniko. Nikaunga vitunguu, nikatia nyanya, limau na dengu kwa pamoja kama kilivyoandika, dakika 25. Masaa matatu baadaye gesi inaelekea kuisha na dengu bado zinagonga meno. Magadi sikutia kwa sababu kitabu hakikusema.

Ya pili naona hata aibu. Ni tambi na mchuzi mweupe wa korosho, unaotakiwa uwe na ladha ya jibini bila jibini. Korosho hapa Moshi mnajua bei yake, nikafumba macho nikanunua robo. Kitabu kikasema tia hamira vijiko vinne vya mezani. Nilishangaa wingi, lakini nikatii. Nikasaga na maji ya uvuguvugu, nikafunika, nikaenda kuchemsha tambi. Niliporudi mchuzi unapumua. Umepanda mpaka ukingo wa bakuli, na harufu yake ilimtoa Mzee sebuleni: "Mama, umeanza kupika mbege?" Yaani pombe yetu ya ndizi.

Ya tatu, keki. Badala ya mayai kitabu kinataka mbegu za kitani zilizosagwa, ambazo sijaziona sokoni. Nikaweka ndizi mbivu mbili. Ikatoka nzito, katikati mbichi. Joto si tatizo, najua 350 za Kimarekani ni 177 zetu.

Nimekosea wapi?

Mangi Mtoto

Shikamoo mwalimu. Desemba Uchagani bila nyama? Huyo mpe kisusio, supu ya mbuzi na damu, bakuli moja, atasahau kitabu.

Mwalimu wa Kimu (Kibosho)

Marahaba. Wewe nahisi nilikufundisha. Kaa chini.

Mpishi wa Mlimani

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpishi wa makundi yanayopanda Kilimanjaro, mwaka wa kumi na nne sasa, na siku hizi ni nadra nipande bila mgeni mmoja wa vegan. Hizo dengu zimeshanitia aibu mbele ya wageni, kwa hiyo hauko peke yako.

Kwanza kipimo. Kopo la wakia 15 karibu nusu yake ni maji. Ukichuja unabaki na dengu zilizoiva kama gramu 250, na hizo zinatokana na dengu kavu gramu 110 au 120 tu. Wewe uliweka za makopo karibu manne, ndiyo maana kifuniko kikasukumwa.

Pili, na hapa ndipo gesi yako ilipokwenda: nyanya na limau. Dengu, maharage, vyote vya ukoo huo havilainiki kwenye uchachu. Ganda linakaza. Aliyeandika kitabu alitia nyanya mapema kwa sababu zake zilikuwa zimeshaiva kwenye kopo, yeye alikuwa anaunga tu. Zako chemsha peke yake mpaka uibonyeze kwa vidole viwili ipondeke kama kiazi, ndipo uende kwenye nyanya.

Magadi tia. Nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo, kwenye maji ya kulowekea, asubuhi unamwaga na kusuuza. Ukizidisha zinakuwa uji na zinanuka sabuni, lakini hilo nakufundisha nini mtu wa Kibosho.

Na kuna jambo lingine ambalo vitabu vya watu wa pwani havilisemi. Huko kwenu ni kama mita 1,400, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, si 100. Ni tofauti ndogo, ila kwa dengu kavu inaongeza muda. Nikiwa kambi ya Horombo, mita 3,720, maji yanatokota kwenye nyuzi kama 88. Pale unaweza kuchemsha maharage mpaka wageni wafike kileleni na kurudi. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba maharage makavu, nikidhani mlima ni jiko kama jiko. Usiku ule wageni walikula mkate na jemu na mimi nililala nimejifunika uso. Sasa napika kila kitu huku chini kwa sufuria ya presha, nagandisha, napandisha. Wewe ukiwa na presha, dengu zilizolowekwa ni dakika 15 hadi 20 tangu ianze kupiga filimbi.

Kuhusu hamira, nimecheka mpaka mke wangu akauliza nasoma nini. Kitabu kilimaanisha nyingine. Ni hamira ya jamii ileile, ila imeuawa kwa joto na kukaushwa, inakuwa vipande vya njano kama pumba, haiumui kitu. Kazi yake ni ladha tu, inakaribia jibini. Mimi naipata wageni wakiniachia kopo lililobaki, la sivyo naacha.

Na korosho usinunue tena. Chukua viazi mviringo viwili vya saizi ya ngumi, karoti moja, kitunguu maji nusu, chemsha vilainike kabisa. Saga kwa blenda vikiwa vya moto, pamoja na maji kidogo ya kuchemshia, robo kikombe cha mafuta ya alizeti, punje mbili za kitunguu swaumu, limau nusu, chumvi usiionee huruma. Endelea kusaga hata ukiona vimeshasagika. Wanga wa viazi ukipigwa sana unakuwa kama gundi. Mpishi wa viazi vya kuponda anaukimbia, wewe hapo unautafuta. Mchuzi unavutika ukiinua kijiko, na karoti inaupa rangi ya jibini. Wageni wangu wamekula huo kambi ya Shira na wakaomba maelezo.

Mama Elia, Usa River

Mwalimu, bwana asifiwe. Sisi ni Wasabato na kwetu nyama haijaingia jikoni tangu niolewe, ingawa maziwa tulichelewa kuyaacha. Keki ndilo eneo langu.

Ndizi mbili ni nyingi. Ndizi inashika unga lakini hainyanyui, na ina maji mengi, ndiyo maana katikati palibaki pabichi. Kinachonyanyua keki isiyo na mayai ni hewa ya siki na soda. Chukua kikombe cha maziwa ya soya, tia siki nyeupe kijiko kimoja cha mezani, acha dakika tano yagande kidogo kama mtindi. Soda ya kuokea kijiko kimoja cha chai changanya kwenye unga. Ovini iwe ya moto TAYARI. Vikikutana, usisimame kuongea na jirani. Mimina, ingiza. Ile povu ukiiacha dakika kumi mezani imekwisha, na keki yako ni tofali.

Au fanya hivi, kwa kuwa utakuwa na dengu: usimwage maji yake. Yale mazito yaliyobaki ukishachemsha (yaliyochemsha, si ya kulowekea) yanachapika kama ute wa yai. Mfaransa mmoja, Joël Roessel, ndiye aliyeligundua hilo mwaka 2014, wala si zamani. Vijiko vitatu vya mezani ni yai moja. Yakiwa mepesi yarudishe jikoni mpaka yakipoa yawe na utelezi wa ute. Magadi yasiwepo humo, utaisikia ladha. Mimi kwa mchapo wa umeme nachapa dakika nane, kumi. Kwa mkono sijawahi kufika, mkono unakufa kwanza.

Maziwa ya soya tengeneza mwenyewe, ya dukani mengi yana sukari. Kikombe kimoja cha soya kavu loweka usiku, saga na maji vikombe vinne, chuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu, kisha chemsha robo saa ukikoroga. Usikae mbali, yanafurika kuliko ya ng'ombe, na mabichi yana harufu ya majani na yanasumbua tumbo. Pumba inayobaki usitupe, mimi naikaanga na vitunguu na binzari, watoto wanakula na chapati.

Jingine ambalo hukuuliza: vile vidonge vya supu tunavyotupia kila mchuzi vingi vina kuku au ng'ombe. Na majarini nyingine zina unga wa maziwa. Soma nyuma ya kopo kwa miwani.

Shangazi wa Pasua

Mimi naomba kuuliza tu, huyo binti damu anatoa wapi? Msije mkasema Kibosho wamemkondesha.

Mama Elia, Usa River

Shangazi, mnafu na maharage vina madini ya chuma, akamulie limau juu mwili uyachukue vizuri. Kinachosumbua ni vitamini B12, hiyo kwenye mimea huipati ya kutegemea, anatakiwa kumeza kidonge au kula kilichoongezewa. Mtu aliyekunja pembe kumi na mbili atakuwa analijua hilo.

Mangi Mtoto

Mwalimu, nimekaa chini. Ila ni kweli, mbege haina mnyama hata mmoja. Ndizi, ulezi na gome la mti wa msesewe. Huyo shemeji yetu ana mahali pa kukaa.

Mwalimu wa Kimu (Kibosho)

Nimerudi na taarifa. Nimeandika kwenye daftari, nanakili.

Jumatano: dengu gramu 120, nusu ya robo kijiko ya magadi usiku, nikasuuza. Sina presha, nikatumia sufuria nzito na jiwe juu ya kifuniko. Saa moja na dakika 40 zikapondeka. Nyanya baadaye, kisha tangawizi ambayo kitabu hakikuitaja. Mzee alikula kimya, akaongeza, halafu akauliza nyama iko wapi. Nikamwambia iko kwa shemeji.

Alhamisi: mchuzi wa viazi na karoti. Mpishi wa Mlimani, Mungu akubariki. Nilisaga mpaka blenda ikapata moto, nikainua mwiko, ukanyooka kama utepe bila kukatika. Gharama yote haifiki hata nusu ya ile robo ya korosho. Niliutia kwenye tambi, na uliobaki mjukuu wangu aliupaka kwenye ndizi ya kuchoma, jambo ambalo halimo katika kitabu chochote.

Jumamosi: maji ya dengu. Safari hii nilichemsha nyingine bila magadi, zikachukua masaa mawili na robo, nikapunguza maji mpaka yakawa mazito. Mchapo wa umeme sina. Nilichapa kwa mkono, tukapokezana na mjukuu na dada wa kazi, kila mmoja akihesabu mia mbili. Kwa dakika kumi ni povu la sabuni tu. Nikataka kuacha. Ghafla yakageuka meupe, nikapindua bakuli na hayakuanguka. Miaka 31 nimefundisha watoto kuchapa ute wa yai na sikuwahi kuwaza kwamba maji ninayomwaga kila wiki yana kazi hiyo.

Keki ilipanda vizuri. Halafu nilifungua ovini mapema, nikiwa na haraka ya kuona, ikashuka katikati kama kiti cha daladala. Ladha nzuri, sura hapana. Mama Elia, niliweka pia ndizi moja kwa tamaa yangu. Jumamosi ijayo narudia bila ndizi, na mlango haufunguliwi kabla ya dakika 35. Pembe tatu zimeisha, zimebaki tisa, na ya nne inataka uyoga wa aina ambayo hata jina lake silijui. Kuna picha ukurasa wa 88, ni mkubwa kama sikio la mbuzi. Aliyewahi kuuona Mbuyuni au soko la Kilombero Arusha anijulishe.