Wameweka bomba kubwa juu, wakaliunga na lile dogo la zamani chini. Majitaka yote yanaibukia kwetu

Wakuu, naandika nikiwa nimekaa kwenye stuli, miguu nimeipandisha, maana sakafu ya chumba changu cha cherehani bado imelowa dawa. Hii ni mara ya tatu tangu masika yaanze. Nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Mji wetu ni mdogo: stendi moja, soko moja, hospitali moja. Mfumo wa majitaka tuliurithi. Ulijengwa kwa mabomba ya zege enzi ambazo waliounganishwa walikuwa hospitali, nyumba za watumishi na maduka machache ya barabara kuu. Leo humohumo zimeingia gesti, hosteli, baa na nyumba za kupanga zenye familia nane nane. Chemba zimekuwa zikifurika miaka nenda rudi. Kwa hiyo mwaka jana tulipotangaziwa kwenye mkutano wa mtaa kwamba fedha za ukarabati zimepatikana, nilipiga makofi. Nilifurahi kweli.

Miezi minne tukala vumbi. Wateja wangu waliruka mtaro kuja kupimwa nguo, nikawa nawaambia wavumilie, ni kwa faida yetu. Kisha mafundi wakafika kwenye chemba iliyo kwenye kona ya uzio wangu, na hapo ndipo moyo wangu ulipoingia baridi. Bomba jipya linaloshuka kutoka barabara kuu ni la plastiki, zuri, jipya kabisa. Nikachukua futi kamba yangu, nikapima mdomo wake: sentimita 30. Nikapima na lile la zege linaloendelea kwenda bondeni: sentimita 15. Nikarudia. Mimi ni fundi nguo, mwaka wa 26 huu nakula kwa kupima. Sikukosea.

Nikamwita kijana aliyekuwa akisimamia.

"Mwanangu, hili kubwa linaingiaje kwenye hili dogo?"

"Mama, mchoro wetu umeishia hapa. Huko chini ni awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

"Hilo kaulize ofisini, mama."

Wakaliunga kwa saruji, wakafukia, wakaondoka.

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili ndilo linaloniuma. Bomba la sentimita 30 uwazi wake ni mara nne ya lile la 15. Huko juu kuna mteremko, maji yanashuka mbio. Huku bondeni ni tambarare, yanapunguza mwendo, mchanga na mafuta vinatuama, na lile dogo linazidi kuwa dogo. Zamani mabomba ya juu yalikuwa yamepasuka na kuziba, kwa hiyo mafuriko tuligawana: leo chemba ya stendi, kesho ya sokoni, keshokutwa yetu. Sasa barabara kuu ni kavu, na mzigo wa mji mzima unatuangukia kaya za bondeni. Wamelitoa tatizo mbele ya macho ya wakubwa, wakalishusha kwetu.

Na lile la zege lenyewe limechoka. Siku ile mtaro ukiwa wazi niliugusa mgongo wake kwa kidole, ukamomonyoka kama biskuti iliyolowa chai. Mhandisi mmoja mstaafu wa hapa mtaani alinieleza sababu. Majitaka yakituama hutoa gesi ile ya harufu ya yai viza, gesi inapanda juu kwenye paa la bomba, vijidudu vinaigeuza kuwa tindikali, na tindikali inalila zege kutoka ndani. Bomba linaoza huku kwa nje linaonekana zima, mpaka siku udongo unapotitia.

Usiku wa Jumanne iliyopita mvua ilinyesha kuanzia saa nne. Saa tisa nikasikia choo kinagugumia. Nikashuka kitandani, nikakanyaga maji. Yalikuwa yanatoka kwenye tundu la bafu, meusi, yamebeba karatasi na vitu ambavyo sivitaji, yanaingia ukumbini kama yameitwa. Kwenye chumba cha kazi nilikuwa na mfuko wenye magauni meupe 14 ya watoto wa kipaimara, nimemaliza kuyapiga pasi jioni ile ile. Niliuacha sakafuni kwa sababu meza ilikuwa imejaa. Yote 14 yaliharibika. Nimefua, nimelowesha kwenye klorini, rangi ya njano haitoki na harufu haitoki. Nimenunua kitambaa kingine kwa hela ya ada ya mwanangu, nimeshona usiku na mchana. Wale watoto sikuwaangusha. Lakini nani ananirudishia mimi?

Nikaenda ofisini asubuhi, gauni moja mkononi kama ushahidi. Jibu: wananchi mnatupa nepi na taulo za kike chooni, mnaunganisha mabomba ya paa kwenye chemba. Ndiyo, wapo wanaofanya hivyo. Hata mimi nimewahi kumwaga mafuta ya kukaangia kwenye sinki, nimeacha. Na maji ya paa hayatakiwi kabisa kule, yana mitaro yake. Wafanye msako, wawatoze faini, nitawaonyesha nyumba kwa nyumba. Lakini je, nepi ndiyo iliyochora bomba kubwa limwagie kwenye dogo?

Kila tukilalamika wanaletwa vijana wawili wenye fimbo za kuzibulia. Wiki iliyopita mmoja alitaka kuingia ndani ya chemba, kifua wazi, hana barakoa, hana kamba, hakuna aliyepima hewa. Ile gesi ikizidi pua inaacha kuisikia, mtu anaanguka, na mwenzake akishuka kumwokoa naye anaanguka. Nikamshika mkono nikamwambia mwanangu hapana, humu huingii. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003. Hawa ni watoto wa watu.

Kuna jambo jingine baya kuliko magauni yangu. Bomba la maji safi limepita kwenye mtaro uleule. Sisi ni watu wa mgao, maji siku mbili kwa wiki. Siku ambazo bomba ni tupu halina msukumo, na kama lina ufa linanyonya kilicholizunguka. Mgao ukifunguliwa, maji ya mwanzo bombani kwangu yana harufu. Nayaacha yamwagike, kisha ya kunywa nachemsha. Jirani yangu mama lishe anachemsha pia, lakini wateja wameshaona mto mweusi mbele ya banda lake, wamehama. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea mpaka wagonjwa wakapita 20,000 nchini. Nakumbuka ndoo za klorini milangoni. Ninachokiona hapa nje kinanitisha.

Ada ya majitaka imo kwenye bili yangu kila mwezi na nailipa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Jana nimepeleka barua, nimegongewa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Naomba mchoro wa mradi, mkataba, na tarehe ya awamu ya pili. Nimetumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayowapa siku 30 kunijibu. Wakikaa kimya naenda EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na majirani 22 wameshasaini.

Wahandisi mliomo humu: ile vali ya kuzuia majitaka yasirudi ndani ya nyumba, naifunga wapi, kabla ya chemba ya nyumbani au baada? Itanisaidia kweli au maji yatatafuta choo cha jirani? Maana kama yataenda kwake, siiweki. Na kama kuna aliyewahi kutumia ile sheria ya taarifa akajibiwa, aniambie aliiandikaje barua yake.

NYONGEZA, saa 2 usiku: Mvua imeanza. Kitambaa chote nimekipandisha juu ya kabati, naenda kuziba tundu la bafu kwa mfuko wa mchanga. Nitasoma majibu yenu kesho.