Kitabu kikipingwa na wazazi, kiondolewe maktabani?

Mzazi, Morogoro: Ndugu zangu, mwaka 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni, ukiwemo mfululizo wa hadithi za kuchekesha za watoto uitwao Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kuwa vinakiuka maadili. Binti yangu alikuwa na kimojawapo, kurasa zake zimelegea kwa kusomwa. Je, pingamizi la baadhi ya wazazi litoshe kukiondoa kitabu kwa watoto wote?

Mkutubi: Mzazi mwenzangu, niliwahi kuagizwa kukitoa kitabu ambacho mlalamikaji alikiri kuwa alikuwa ameona jalada lake tu, nilikitoa, na pengo lile kwenye rafu liliniumiza muhula mzima. Naamini mlalamikaji angepaswa kukisoma kwanza, kisha kamati ya walimu na wazazi itoe uamuzi na sababu zake kwa maandishi.

Mwalimu wa madrasa: Kwa heshima, mkutubi, malezi ni amana tutakayoulizwa na Mwenyezi Mungu, na picha za uchi hazihitaji kamati. Hata hivyo nakubali kwamba kwa hadithi za kawaida, mamlaka yangu yanaishia kwa mwanangu.

Mzazi, Morogoro: Ahsanteni. Nitalifikisha pendekezo la kamati kwenye kikao cha wazazi.