Wananchi hawaiamini maabara. Nani aliwafundisha?

Wakuu, heshima mbele.

Juzi kijiweni jamaa mmoja wa idara ya afya alikuwa analalamika kwamba kampeni za chanjo zinakwama kwa sababu Watanzania ni wajinga na wanapenda umbea. Nikamwambia hapana, haya tumefundishwa, na waliotufundisha walikuwa wameshika kipaza sauti. Akaondoka kanuna, kahawa hajamaliza. Basi tubishane hapa.

Naanza na nyumbani. Mwaka 2024 serikali ilipoanza kutoa dozi moja ya chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, dada yangu alimzuia binti yake asiende shule siku ya chanjo. Sare imeshapigwa pasi, iko juu ya kiti. "Leo tumbo linamuuma," dada akasema, na mgonjwa mwenyewe yupo mkekani anamalizia chapati ya pili. Nikamuuliza anaogopa nini. "Watamfunga kizazi." Na hebu sikilizeni jina lenyewe: chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Mama aliyeshasikia uvumi atabaki na neno gani hapo zaidi ya hilo la mwisho?

Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini. Akanitazama tu. "Si Rais mwenyewe alisema chanjo hazifai? Akaja mwingine akasema zinafaa. Nimwamini yupi, aliyekufa au aliye hai?"

Sikuwa na jibu.

Turudi nyuma kidogo. Mei 2020, akiwa Chato, hayati Magufuli alilieleza taifa kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na majibu yakarudi yana korona. Mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, waliosaidia kuleta vipimo, wakasema vipimo ni vizima, lakini nani aliwasikia? Takwimu zetu zikagandia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Tukabaki na nyungu za kujifukiza. Januari 2021 Magufuli akasema chanjo hazifai. Julai mwaka huohuo Rais Samia, aliyempokea, akachanjwa mbele ya kamera, na ndani ya chama chake mwenyewe aliyekuwa mbunge wa Kawe, Askofu Gwajima, akawa anapinga chanjo hiyo kanisani.

Mnaosema "hayo yalikuwa ya korona, yamepita", mnakosea. Mtu aliyeambiwa kwamba mashine haitofautishi papai na binadamu hawezi kurudi kuiamini mashine ileile kwa sababu tu sasa inapima polio au Marburg, ile homa kali inayoambukiza hata kwa kugusa maiti. Imani haina swichi ya ukutani.

Sisemi uvumi wote ulitoka Ikulu. Kuna sauti za WhatsApp zinazozunguka kuhusu chanjo ya pepopunda ya Kenya. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai imechanganywa na homoni ya ujauzito ili wanawake wasizae. Serikali yao na WHO, Shirika la Afya Duniani, wakakanusha: mashine zilizotumika ni za kupima damu na mkojo, si chanjo. Mwaka uliofuata maaskofu wakataka waumini wasusie kampeni ya polio. Lakini tusifichane: utafiti wa chanjo ya uzazi wa mpango inayotumia homoni hiyo uliwahi kufanyika kweli, na WHO ilihusika. Haikuwa ndiyo chanjo ya pepopunda, ila uvumi ulipata pa kushika. Mtaalamu anayejibu "huo ni upuuzi" bila kuligusa hilo, ameshashindwa kabla hajaanza.

Au chukueni dawa ukoko, ile ya kupulizwa ukutani kuua mbu. Kanda ya Ziwa utasikia wenye nyumba wanagoma kwa sababu, wanasema, dawa inaleta kunguni. Mpulizaji anacheka, anamwandika "amekataa", anahamia nyumba ya pili. Kumbe mama wa watu ameona kwa macho yake: kunguni wengi ni sugu kwa dawa hizo, na ikiwachokoza wanatoka kwenye nyufa wanatembea. Aliyeona sawasawa ameitwa mbishi. Mwakani mlango haufunguliwi, na mbu anabaki na chumba chake.

Najua mtasema serikali ya sasa imebadilika. Kwa sehemu ni kweli. Marburg ya Kagera mwaka 2023 ilitangazwa ikadhibitiwa. Sasa nielezeni Biharamulo, wilaya ya Kagera hiyohiyo. Januari 2025 WHO walisema kuna watu wanaoshukiwa kuwa na Marburg. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazina kitu. Tarehe 20 Rais akasimama Dodoma, Tedros, mkuu wa WHO, pembeni yake, akathibitisha mgonjwa mmoja. Inawezekana kabisa sampuli za kwanza hazikuwa na kirusi, maabara hufanya kazi hivyo, unapima tena na tena. Ila kwa nini mwananchi aliambiwa "hakuna" badala ya "bado tunapima"? Watu wa Biharamulo walihitaji siku zile wajue kama wamshike maiti wao au wamwache.

Msimamo wangu: mkuu wa maabara atoe majibu yeye mwenyewe, kila wiki, yawe mazuri au mabaya, na asiwepo mwanasiasa wa kumsimamisha kazi kwa namba zisizopendeza. Kulazimisha chanjo mashuleni, kama yule jamaa wa kijiweni alivyotaka, mimi sikubali. Mtawajaza watoto wengi zaidi maumivu ya tumbo.

Mnaopinga karibuni. Ila atakayekuja na neno "wajinga", aje kwanza na jibu la kumpa dada yangu.