Wenye soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa magamba) Arusha na Moshi: vitamini D imewasaidia? Tupeane uzoefu

Wakuu, naanza mimi. Mwaka wa tisa huu, viwiko, magoti na kichwani. Miaka ya mwanzo niliambiwa ni fangasi. Famasi moja hapa Arusha wakaniuzia krimu kali ya steroidi. Ngozi ikatakata wiki mbili, nilipoacha ugonjwa ukarudi na ukoo wake wote. Ndipo nikashuka Moshi, kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, nikaandikiwa kalsipotrioli. Ni dawa ya kupaka, jamaa ya vitamini D. Daktari alinieleza kwamba ngozi ya kawaida hujibadilisha kwa karibu mwezi mzima, ya kwetu siku chache tu, ndiyo maana magamba yanarundikana. Dawa inaipunguza mbio. Wiki ya tatu nilitaka kuitupa. Ya sita magamba yakalainika, yakabaki madoa meusi tu. Wengine je?

Mama wa Kibosho: Pole mwanangu. Mimi nilijitibu kwa vidonge. Nilisikia vitamini D nyingi inaponya, nikatafuta vya yuniti 50,000, vile ambavyo watu huandikiwa kimoja kwa wiki. Mimi kila siku! Mwezi wa pili kiu haikatiki, kichefuchefu, choo kigumu, usiku naamka kukojoa mara nne. Kupima damu, kalsiamu iko juu, daktari akasimamisha vyote. Na magamba yalikuwa palepale.

Boda Ngarenaro: Shikamoo mama. Mimi dawa yangu jua. Mwezi wa saba huku ni mawingu na jaketi, viraka vinachachamaa. Januari naacha mikono wazi, vinatulia. Ila mwaka juzi niliunguzwa na jua shambani, na pale pale ngozi ilipobabuka vikaota vipya. Halafu ukitumia hiyo ya kupaka, toka juani kwanza ndipo upake, jua linaiharibu. Pombe ya mbege nayo nimepunguza (nimesema nimepunguza).

Pasua: Usoni msipake bila kuambiwa, iliniwasha siku tatu. Na mtu mzima asizidishe gramu 100 kwa wiki, nayo ikizidi inapandisha kalsiamu kama ya mama hapo juu.

Binti Sakina: Yangu iko kichwani. Msusi alishafumua nusu ya kichwa, akaona magamba, akachomoa kitana na kuniambia nikatibiwe kwanza asije akawaambukiza wateja. Haiambukizi! Nilitoka na kilemba, nusu nimesukwa nusu sijasukwa. Dawa ya mafuta mazito inagandia kwenye nywele, nikabadilishiwa ya maji. Nalainisha magamba usiku kwa mafuta ya nazi, naosha, ndipo napaka. Ukipaka juu ya magamba ni kupaka ukuta.

Mwanzisha uzi: Hilo la kulainisha sikulijua, kumbe wiki zile tatu nilikuwa napaka ukuta. Dada, sasa unasukwa wapi?

Binti Sakina: Nyumbani, na binamu. Yeye anayo magotini.