Ziara ya makanisa saba Uturuki na mama mwenye shida ya magoti: Efeso saa moja na nusu inatosha?

Mwanakwaya_Ubungo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Usharika wetu tumepanga kwenda Uturuki mwezi wa kumi, tuko 32, tunazunguka yale makanisa saba ya Ufunuo kwa basi. Mama yangu ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, lakini hii safari kaiwekea hela ya vikoba miaka mitatu, anasema anataka akanyage Efeso pale Paulo alipofundisha. Sasa ratiba imetoka jana, naona siku ya pili asubuhi Smirna (Izmir ya sasa), mchana Efeso saa moja na nusu, halafu duka la mazulia masaa mawili. Mi nimeshangaa, mazulia yanazidi Efeso? Naomba waliofika watuambie ukweli, muda huo unatosha, na mtu mwenye magoti mabovu atamudu? Na hayo makanisa mengine sita kuna cha kuona au ni mawe tu?

BintiKaratu

Amina dada. Saa moja na nusu haitoshi kabisa, nakwambia kwa uchungu maana yalinikuta. Mwaka juzi nilienda na baba yangu, kampuni siitaji, basi likatushusha geti la chini tukaanza kupanda. Kwenye ule ukumbi mkubwa wa michezo mwongozaji akasema tutaingia wakati wa kurudi, twende kwanza maktaba ya Celsus. Kutoka maktaba kwenda juu barabara ni mlima, baba akakaa kwenye jiwe pumzi imemwishia, nikabaki naye, na wenzetu waliporudi muda umekwisha tukapita ukumbini tunakimbilia basi. Baba alikuwa amebeba Matendo 19 moyoni toka Karatu, hakuingia. Kesho yake nilikodi teksi nikamrudisha mwenyewe.

Kwa hiyo la kwanza, mwambieni kiongozi wenu basi liwashushe GETI LA JUU na liwasubiri geti la chini. Mnateremka mwanzo mwisho, magoti ya mama yatashukuru, ila marumaru za ile barabara zimesuguliwa na miguu ya karne nyingi zinateleza kama sabuni, kwahiyo avae raba zenye meno na ashike mkono wa mtu. Muingie saa mbili asubuhi wanapofungua, kivuli hakuna humo na watalii wa meli kutoka bandari ya Kuşadası wakishafika hamtasikilizana. Zile nyumba za matajiri zenye tiketi yake zina ngazi nyingi sana, mama aziruke.

La pili, ombeni nusu saa nzima ukumbini. Unachukua watu kama 25,000 ule. Ndimo walimowaburuta Gayo na Aristarko, Paulo akataka kuingia wanafunzi wakamzuia, na mji mzima ukapiga kelele kumsifu mungu wao wa kike, "Artemi wa Waefeso ni mkuu" kama muda wa saa mbili. Siku ile ya pili mimi nilisimama chini nikasoma, baba kakaa ngazi za juu kidogo, mawe yameshika joto la jua, na alinisikia kila neno bila spika. Alilia. Halafu geukeni mtazame ile barabara pana inayonyooka mbele ya ukumbi, mwisho wake ndo palikuwa bandari. Leo ni majani tu, mto ulileta tope mwaka hadi mwaka mpaka bahari ikasogea kilomita kadhaa.

MlelewaWaKibosho

Tumsifu Yesu Kristo. Naongezea kitu ambacho makundi mengi yanapitiliza. Karibu na geti la chini, pembeni kidogo, kuna magofu ya Kanisa la Maria, ndipo ulipofanyika Mtaguso wa Efeso mwaka 431 uliothibitisha kumwita Maria Mama wa Mungu. Sisi tulikuwa peke yetu mle, kundi zima, kimya. Halafu mjini Selçuk kilimani kuna basilika ya Mtakatifu Yohane aliyoijenga mfalme Justiniani karne ya 6, kaburi la Yohane lina nguzo nne na bamba la marumaru. Ukisimama pale unaona chini hekalu la Artemi lilipokuwa, moja ya maajabu saba ya dunia ya kale, imebaki nguzo moja imesimama kwenye maji na korongo wamejenga kiota juu yake. Kwa wanaopenda, Nyumba ya Mama Maria iko mlimani juu ya Efeso, mapapa watatu walishafika, Paulo VI mwaka 1967, Yohane Paulo II 1979 na Benedikto XVI 2006. Basi linafika karibu, mama hatateseka.

Fundi_Bomba_Arusha

Kuhusu hayo mengine, niseme manne: Thiatira (Akhisar) na Filadelfia (Alaşehir) ni eneo dogo katikati ya mji, dakika ishirini mnasoma barua yao mnaomba mnaondoka. Sardi ipeni muda, kuna kikanisa kimejengwa kwenye kona ya hekalu kubwa la Artemi, matofali yake yamebanana na zile nguzo nene. Ila mimi kazi yangu ni mabomba na kilichonishika ni Laodikia. Kuna mabomba ya maji ya kale yameziba kwa chokaa hadi tundu limebaki la kuingiza kidole, na ng'ambo ya bonde unaona mlima mweupe wa Pamukkale kwenye maji moto ya Hierapoli. Ukiwa pale ndo usome barua ya Laodikia, Ufunuo 3, "una uvuguvugu, wala hu baridi wala hu moto". Nilisimama pale sina neno.

Mwanakwaya_Ubungo

Mungu awabariki sana jamani. Nimempelekea mzee wa kanisa majibu yote, leo kawapigia wenye kampuni ya safari, duka la mazulia limetolewa na Efeso tumepewa masaa matatu na nusu asubuhi, tunaanzia geti la juu. Mama anauliza kama anaruhusiwa kuingia na Biblia yake ile ya maandishi makubwa, ni nzito kidogo.

BintiKaratu

Aingie nayo dada, hakuna anayemzuia. We mbebee mpaka ukumbini, pale asome mwenyewe.