MREJESHO: Kile kilima kisicho na njia nimekipanda

Wakuu, ahadi ni deni. Niliuliza kama kilima cha nyasi na tope, kisichopandwa na watu, kinapitika bila njia. Kinapitika, ila polepole. Ile kanuni ya Naismith ya 1892 ya kukadiria muda wa kutembea milimani, saa moja kwa kila kilomita 5 na nyingine kwa kila mita 600 za kupanda, huko haifui dafu.

Aliyenionya kuwa palipo na kijani kinachong'aa chini yake ni tope la kuzama, ubarikiwe. Kwa macho unaona pakavu kabisa. Nikachomeka fimbo, ikazama karibu na mpini, maji meusi yakabubujika. Kuanzia hapo nikakanyaga mafundo ya nyasi tu.

Ukungu ulipofunga nikashika dira: nachagua jiwe lililo mbele, nalifikia, nachagua jingine. Simu niliiweka karibu na mwili, maana baridi hula chaji.

Kileleni, kusema kweli, ni rundo la mawe na upepo wa kupasua masikio. Nilipenda tu!

Walioshauri nishuke kwa kufuata kijito, hapo sikubaliani nao. Vijito mara nyingi huishia kwenye makorongo. Nilishukia mgongoni mwa kilima, magoti yakilalamika.